Shahada ya Uzamili ya Taaluma za Kanda: Mwongozo kwa Mfano wa Sekenke

Taaluma za kanda ni masomo yanayolichukua eneo moja la dunia, kama Afrika Mashariki, Asia ya Kusini au Mashariki ya Kati, na kulichunguza kwa fani kadhaa kwa pamoja: historia, jiografia, isimu, anthropolojia, uchumi, siasa na fasihi. Anayesoma shahada ya uzamili katika taaluma hizi hafundishwi kuwa bingwa wa fani zote. Anafundishwa kuuliza swali moja kuhusu mahali fulani, kisha kulifuata popote linapompeleka, hata likivuka mipaka ya idara aliyosomea shahada ya kwanza.

Ugumu wa masomo haya unaanzia hapo hapo. Wanafunzi wengi huingia na eneo pana mno, husoma kidogo katika kila fani, na muda wa tasnifu ukifika hawana pa kushika. Njia ya uhakika zaidi ni kuchagua mapema mahali padogo na kupafanya kiini cha masomo yote. Makala haya yanaeleza hatua za kufanya hivyo, kuanzia kuchagua chuo hadi kurudisha matokeo kwa wananchi, yakitumia mfano wa Sekenke, eneo la machimbo ya dhahabu katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida.

Masomo haya yalivyoanza

Mwanafunzi anapaswa kuijua historia ya taaluma anayoiingia, kwa sababu historia hiyo imeacha alama katika vitabu atakavyosoma. Chuo cha SOAS cha London kilianzishwa mwaka 1916, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwaandaa maofisa wa utawala waliokuwa wakienda makoloni. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha programu ya taaluma za Afrika mwaka 1948 chini ya mwanaanthropolojia Melville Herskovits. Miaka 10 baadaye, katika kipindi cha Vita Baridi, sheria ya mwaka 1958 ilitoa fedha za serikali kwa ajili ya kufundisha lugha na tamaduni za kigeni katika vyuo vya nchi hiyo.

Barani Afrika mwelekeo ulikuwa tofauti. Taasisi ya Taaluma za Afrika ya Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, ilianza mwaka 1961, na Kwame Nkrumah akaifungua rasmi mwaka 1963 akitaka Waafrika wajichunguze kwa macho yao wenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi yake mwaka 1970. Dar es Salaam, ambako chuo kilianza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, wanafunzi wa historia walipelekwa vijijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Majimaji. Hapo walijifunza kwamba mkulima asiye na karatasi hata moja anaweza kuwa shahidi wa historia sawa na ofisa aliyeacha faili.

Ndiyo maana kila kitabu kuhusu Singida, Unyamwezi au Usukuma kinahitaji kuulizwa maswali mawili kabla ya kunukuliwa: aliyekiandika alitumwa na nani, na aliandika kwa ajili ya nani. Ripoti ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, kitabu cha mmisionari na tasnifu ya mwanafunzi wa Dar es Salaam vinaweza kueleza kijiji kimoja na kutoa picha tatu zisizofanana. Picha hizo zote zina manufaa kwa anayejua zilivyopatikana.

Kuchagua programu

Shahada yenye jina la taaluma za Afrika hupatikana zaidi katika vyuo vya Ulaya na Marekani, kama SOAS, Oxford, Edinburgh na Leiden. Afrika Mashariki, kazi hiyo hiyo mara nyingi hufanyika chini ya majina mengine. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali na Idara ya Historia zote zinaweza kumpokea mwenye swali la kikanda. Mwombaji asikatishwe tamaa na jina la shahada. Aangalie kozi zinazofundishwa, uhuru wa kuchukua kozi katika idara nyingine, na majina ya wahadhiri.

Mambo manne yanafaa kupimwa kabla ya kutuma maombi. La kwanza ni msimamizi: je, yupo mhadhiri aliyewahi kuandika kuhusu eneo linalokusudiwa au mada iliyo karibu nalo? Chuo chenye sifa kubwa lakini kisicho na mtu wa kusimamia machimbo madogo, historia ya Tanzania ya kati au lugha za huko hakitamsaidia sana anayetaka kuandika kuhusu Sekenke. La pili ni muda. Programu nyingi za Uingereza hukamilika kwa mwaka mmoja, na kazi ya uwandani hubanwa katika wiki chache, ilhali programu za Tanzania huchukua kwa kawaida kati ya miezi 18 na miaka 2 na huacha nafasi kubwa zaidi ya kukaa na watu. La tatu ni maktaba na nyaraka zilizo karibu na chuo. La nne ni fedha.

Kuhusu fedha, mwombaji asitazame ada peke yake. Bajeti ya kweli inajumuisha nauli za uwandani, malazi, vibali, malipo ya msaidizi wa utafiti, kunakili nyaraka, na miezi ya kuandika ambayo haina kipato. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa miaka 2 baada ya masomo. Jumuiya ya Madola na shirika la DAAD la Ujerumani nazo hutoa ufadhili, na DAAD hugharimia pia masomo ndani ya Afrika. Maombi ya ufadhili hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo maandalizi yanahitaji kuanza mwaka mzima kabla. Anayesoma nje anapaswa pia kukumbuka kwamba tuzo yake itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania anaporudi, na ni busara kuulizia utambuzi huo kabla ya kujisajili.

Mahali pamoja, fani nyingi

Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega inapita Misigiri, kisha inateremka Mlima Sekenke kutoka nyanda za juu za Iramba kuelekea Shelui na tambarare ya Wembere. Maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi. Anayesimama kwenye mteremko huo yuko mahali ambapo mwamba, maji, njia na watu wa asili mbalimbali vinakutana.

Mwanajiolojia ataanza na mwamba. Dhahabu ya Sekenke imo katika mishipa ya mawe meupe ndani ya mkanda wa miamba ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, jamii ileile ya miamba inayobeba dhahabu ya kanda ya Ziwa Victoria.

Mwanahistoria ataanza na Wajerumani, ambao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliifanya Sekenke kuwa mgodi muhimu wa dhahabu wa koloni lao. Vita vilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga pwani na fedha kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 utawala wa Kijerumani uliamua kupiga sarafu zake wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora, na dhahabu ya Sekenke ikatumika kutengeneza sarafu ya rupia 15.

Sarafu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha jinsi kitu kimoja kinavyoita fani nyingi. Upande mmoja una tai wa Dola ya Ujerumani. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake mlima. Pana mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Mwanahistoria wa uchumi atauliza kwa nini koloni lililozingirwa lilihitaji dhahabu badala ya karatasi, na nani aliikubali kama malipo. Mwanahistoria wa kazi atauliza ni akina nani waliochimba na kubeba mawe yale, kwa ujira gani, na kwa nini majina yao hayaonekani kwa urahisi kama yanavyoonekana majina ya wahandisi. Mtaalamu wa sanaa na alama atauliza kwa nini mnyama na mlima wa Afrika viliwekwa mgongoni mwa tai wa Ulaya. Tabora ilitekwa na majeshi ya Kibelgiji mwezi Septemba mwaka huo huo, kwa hiyo mtaalamu wa siasa ataihesabu sarafu hii miongoni mwa matendo ya mwisho ya dola iliyokuwa ikiondoka.

Mwanaisimu atavutwa na jambo jingine. Tanzania ya kati kaskazini, kuzunguka Ziwa Eyasi na Singida, ni mahali adimu barani. Lugha za Kibantu kama Kinyiramba, Kinyaturu na Kisukuma zinaishi karibu na Kitaturu, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti, Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, na Kihadzabe, ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Machimbo huongeza wageni kutoka pande zote za nchi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mwanaanthropolojia naye atataka kujua mkulima wa Kinyiramba, mfugaji wa Kitaturu au Kisukuma na mchimbaji aliyetoka mbali wanavyogawana ardhi na maji.

Kuunda swali

Utajiri huu ndio unaomponza mwanafunzi. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa mambo yanayoshikika yanazidi mawili. Mada kama “Athari za uchimbaji wa dhahabu Sekenke” inaonekana nzuri kwenye karatasi, lakini haina mwisho: athari kwa nani, tangu lini, zikilinganishwa na nini?

Swali zuri la tasnifu ya uzamili hupita majaribio matatu. Kwanza, haliwezi kujibiwa vizuri na fani moja peke yake. Pili, vyanzo vya kulijibu vipo na vinafikika. Tatu, linaweza kukamilishwa ndani ya muda na fedha zilizopo. Mfano wa swali la namna hiyo ni huu: haki ya kugawana mawe ya dhahabu inaamuliwaje kati ya mwenye leseni, mwenye duara (yaani shimo la kuchimbia) na wachimbaji, na mpangilio huo umebadilikaje tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2010? Swali hili linahitaji sheria, uchumi na anthropolojia, na lina mahali pa kuanzia na pa kuishia.

Baada ya swali kupatikana, fani moja ichaguliwe kuwa mhimili na nyingine moja au mbili ziwe wasaidizi. Katika mfano huu, anthropolojia inaweza kubeba mbinu kuu ya kukaa na watu na kuzungumza nao, na historia ya sheria ikatoa muktadha. Jiolojia itatosha kwa kurasa chache za kumweleza msomaji kwa nini mshipa hupotea na kwa nini duara moja huzaa huku la jirani likikauka. Mpango huu uandikwe wazi katika pendekezo la utafiti, kwani watahini wa taaluma mbalimbali huwa na mashaka pale mwanafunzi anapoonekana kurukaruka kati ya mbinu bila kueleza sababu.

Ulinganisho mmoja husaidia pia. Jirani na Sekenke, katika Wilaya ya Nzega, palikuwa na mgodi mkubwa wa kisasa wa Golden Pride, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa mwaka 2013. Kuweka uchimbaji mdogo wa Sekenke kando ya mgodi wa kampuni kunampa mwanafunzi kipimo, na kunaitoa kazi yake katika habari za kijiji kimoja na kuifanya kuwa ya kanda.

Vyanzo na lugha

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam inahifadhi mafaili ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, lina makala nyingi za maofisa na watafiti wa wakati huo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko maalumu wa maandishi ya Afrika Mashariki, zikiwemo tasnifu za zamani zisizopatikana mtandaoni. Ramani na ripoti za miamba zipo katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma. Habari za leseni zinashughulikiwa na Tume ya Madini na ofisi ya afisa madini mkazi wa mkoa. Takwimu za idadi ya watu zinatokana na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

Anayetaka kusoma nyaraka za kipindi cha Wajerumani anahitaji Kijerumani cha kusomea, tena pamoja na mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi kwa urahisi. Kazi hiyo ianze muhula wa kwanza. Kwa mahojiano, Kiswahili kitatosha machimboni, lakini mazungumzo na wazee kuhusu ardhi na koo yanapata kina zaidi kwa Kinyiramba. Asiyeijua lugha hiyo amtafute msaidizi anayeheshimika kijijini, amlipe ipasavyo, na amtaje katika shukrani za tasnifu ikiwa mwenyewe ameridhia.

Vibali na kazi ya uwandani

Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma cha Tanzania mara nyingi hupewa barua ya utafiti na chuo chake. Barua hiyo hushuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa huko Singida, wilaya huko Kiomboi, kisha halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Nakala za kutosha ziandaliwe, na siku kadhaa zitengwe kwa ajili hiyo peke yake. Ngazi ikirukwa, mtafiti hukwama pale ambapo ofisa wa chini anaogopa kumruhusu. Kwenye machimbo, mwenye leseni na viongozi wa wachimbaji nao wanapaswa kuombwa ruhusa, ingawa barua ya serikali imo mkononi.

Majira yazingatiwe. Singida hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kutoka Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo watu wako mashambani, sehemu za Wembere hujaa maji, na maduara huwa hatari zaidi kuporomoka. Kipindi cha kuanzia Juni hadi Septemba, baada ya mavuno ya mtama, uwele na alizeti, kinafaa zaidi kwa mahojiano marefu.

Machimboni, kuona kunatangulia kuuliza. Katika machimbo madogo mengi ya Tanzania, mawe hutolewa kwenye duara, huingizwa kwenye mifuko, na mifuko hugawanywa kwa mafungu kabla ya kufikishwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe. Baada ya kusagwa na kuoshwa, hubaki mchanga uitwao marudio, ambao bado una dhahabu na una mwenyewe. Kila mahali mali inapobadili mikono ni mahali pa kuweka swali: nani alihesabu mifuko, nani alichagua kwanza, nani alikopesha chakula na matimba ya kuegemeza kuta za duara kabla ya jiwe la kwanza kutoka. Wanawake wanaochekecha, wanaopika na wanaonunua mawe kidogo kidogo wasisahauliwe, kwani wanajua hesabu za machimbo ambazo wenye maduara hawazisemi.

Usalama haujadiliwi. Mtafiti asishuke kwenye duara bila ruhusa na bila mtu mwenye uzoefu, na akae mbali na mahali dhahabu inapochomwa pamoja na zebaki, kwa sababu mvuke wake hudhuru ubongo na figo. Taarifa za watu nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina halisi yatenganishwe na maelezo ya mahojiano, na rekodi za sauti zifungwe kwa nenosiri. Anayeeleza mgawo wa mawe anaweza kupoteza nafasi yake kazini akitambulika, na pengine hata kugeukiwa na wenzake.

Kusoma, kuandika na kurudisha

Usomaji wa taaluma za kanda unakuwa mwepesi kwa mwenye daftari la maswali. Kila kitabu au makala iandikiwe ukurasa mmoja wenye mambo manne: hoja yake, ushahidi wake, fani yake, na inachosema kuhusu swali la mwanafunzi. Kisichogusa swali kifungwe, hata kama ni kitamu. Maelezo ya uwandani yaandikwe jioni hiyo hiyo, kwa lugha iliyosemwa, na tafsiri ije baadaye.

Tasnifu isigawanywe kwa fani, yaani sura moja ya historia, moja ya uchumi na moja ya lugha, kwa sababu mgawanyo huo huzaa insha ndogo zisizozungumzana. Igawanywe kwa hatua za hoja. Katika mfano wa Sekenke, sura zinaweza kufuata njia ya jiwe: haki ya kuchimba, kazi ndani ya duara, mgawo wa mifuko, usagaji na soko. Ndani ya kila sura, fani zote zinazohitajika zitapata kazi.

Kabla ya kuwasilisha, muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili upelekwe kijijini na kusomwa mbele ya waliohojiwa. Wachimbaji watasahihisha mahali ambapo msimamizi wa chuoni hawezi kuona kosa, na masahihisho hayo yaingie katika tasnifu. Baada ya kufaulu, nakala ibaki katika ofisi ya kijiji, halmashauri na maktaba ya chuo, ili mwanafunzi ajaye asianze upya.

Wahitimu wa taaluma hizi hufanya kazi katika halmashauri, wizara, Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashirika ya maendeleo, makumbusho, vyombo vya habari na vyuo. Mwajiri haajiri jina la shahada peke yake. Anataka mtu anayeweza kusoma faili, kuzungumza na mchimbaji, kuelewa takwimu na kuandika ripoti inayosomeka. Mwanafunzi aliyeishughulikia Sekenke kwa uaminifu atakuwa amefanya mambo hayo yote manne, na katika maombi ya kazi anapaswa kuyaeleza hivyo, moja baada ya jingine, pamoja na kazi iliyothibitisha kila moja.